Pazia la Kitenge Kwenye Noah ya Mama Treni

Saa kumi na moja jioni, Kyimo. Sufuria la ndizi linatokota jikoni kwa Tusajigwe Mwasulama, na simu yake inarukaruka mezani kama chura aliyenyunyiziwa chumvi.

Anaidaka kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Veronika, nipe habari. Wamenunua nini?"

Upande wa pili, katika stesheni ya Makambako, Veronika anapaza sauti kuushinda mngurumo wa injini na kelele za wachuuzi. Ana beseni kichwani na abiria madirishani. "Wamemaliza mayai, dada! Wamemaliza wali! Sasa hivi mmoja ameniuliza kama nauza na ukoko!"

"Ukoko?" Tusajigwe anaangua kicheko. "Basi hao wamesota. Hosea! Chupa yangu ya chai iko wapi?"

Hosea, mumewe, mkulima wa chai na maparachichi, anatokea mlangoni ameshaishika chupa. Hii si mara ya kwanza kuulizwa leo, wala haitakuwa ya mwisho.

"Ng'ombe wa mahari nilitoa mimi," analalamika huku anacheka. "Lakini anayempigia honi usiku ni mwingine."

Hivyo ndivyo siku ya treni inavyoanza katika nyumba hii. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na minane, ambaye wengi humwita Mama Treni, ni dereva wa gari la kukodi, na kazi yake kubwa ni kuwapokea watu wa Rungwe wanaoshuka Mbeya kutoka Dar es Salaam na stesheni za katikati. Wilaya yenyewe haina hata futi moja ya reli. Ukishuka kwenye treni unabaki na safari nyingine ya barabara, kupanda Isyonje kwenye ukungu kisha kuteremka Kiwira, Kyimo, hadi Tukuyu na kwingineko.

Mchana safari hiyo ni mchezo. Tatizo ni kwamba treni ya masafa marefu haina ugomvi na usiku. Kwa ratiba inaingia watu wakiwa wanakula chakula cha mchana. Kwa vitendo inaweza kuingia wakati hata jogoo anajiuliza kama awike au ageuke upande wa pili.

"Ratiba ni kama mwaliko wa harusi," anasema Tusajigwe. "Wameandika saa nane. Wewe umewahi kumwona bibi harusi saa nane?"

Ndiyo maana ana Veronika. Urafiki wao ulianza kwenye dirisha la behewa, mmoja akinunua mayai na mwingine akiyauza, na sasa ni mtambo kamili wa mawasiliano. Veronika hapigi simu kusema saa. Anasema abiria wamekula nini.

Wakinunua karanga tu, treni haijachelewa sana, Tusajigwe aondoke mapema. Wakinunua wali, kuna muda wa kukamua ng'ombe. Wakifika kwenye ukoko, jua kuna mahali walikaa porini wakawa wanahesabiana nyota. Hapo Tusajigwe anabeba blanketi zaidi, chai zaidi, na maneno ya kubembeleza.

Kwenye kioo cha nyuma cha Noah yake ya rangi ya maziwa yameandikwa maneno manne: ABIRIA WANGU HALALI CHINI.

Si tangazo la biashara. Ni kiapo.

Miaka kadhaa iliyopita, Tusajigwe alikuwa akipeleka ndizi Dar es Salaam. Safari moja ya kurudi, alishuka stesheni na watoto wake wawili usiku mkubwa, gari la kwenda Tukuyu hakuna, na aliyedai kuwa dereva alitaja nauli ya kununulia mbuzi. Watoto wakalala sakafuni juu ya maboksi. Yeye alikaa macho, ameshika kamba ya begi kwa mkono mmoja na vifundo vya miguu ya watoto kwa mwingine.

"Niliisikia ile baridi ikipanda kwenye mifupa yangu kama inahamia na vyombo vyake," anakumbuka. "Nikasema, Mungu akinipa gari, mtu wa kwetu hatalala hapa."

Mungu alichukua muda wake, akapitia kwenye kikoba cha akina mama na ng'ombe wawili wa maziwa. Leo abiria mmoja anamlipa shilingi elfu kumi na tano mpaka Tukuyu. Treni ikija wakati wake, jikoni kuna nyama. Ikiahirishwa baada ya yeye kufika, anarudi Kyimo na tangi tupu na hadithi.

Lakini hadithi ambayo sasa inasimuliwa kuanzia vibanda vya ndizi Kiwira mpaka kwenye baraza za Mpuguso ni moja. Ni ya usiku mmoja wa mwezi uliopita, usiku ambao kiapo cha Mama Treni kilikaribia kuvunjika mbele ya mashahidi.

Alikuwa na abiria wawili waliowekewa nafasi kwa siku mbili tofauti. Wa kwanza ni Mzee Asajile wa Mpuguso, aliyekuwa akirudi kutoka Dar es Salaam alikokwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho. Wa pili, wa treni iliyofuata, ni Lilian, mwalimu wa hesabu anayefundisha Mlimba, aliyekuwa akimpeleka mtoto wake mchanga kwa bibi yake. Nafasi ya mzee iliwekwa na binti yake wa Dar. Ya mwalimu aliiweka mwenyewe.

Treni ya mzee ikaharibika njiani. Abiria wake wakasubiri, wakachoka kusubiri, mwishowe wakahamishiwa kwenye ile ya nyuma. Veronika alipopiga simu usiku huo hakuwa na la kuficha: "Dada, wamekula mpaka limao la kukamulia samaki!"

Tusajigwe alifurahi. Abiria wote wawili kwa safari moja, wote wanakwenda Mpuguso! Aliwasha gari akiimba pambio la kwaya yao.

Treni iliingia saa nane usiku. Mvua nyepesi, ile ya Mbeya isiyonyesha wala isiyokatika, ilikuwa ikitembea juu ya bati. Lilian alikuwa wa kwanza kumfikia, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka pua.

"Pole mwalimu! Mtoto hajambo?"

"Babu hajambo, amelala," alijibu Lilian. Tusajigwe akaona ni jina zuri la kumdekezea mtoto, akaliacha lipite.

Kisha Mzee Asajile akatokea, koti refu, fimbo, na bandeji nyeupe kwenye jicho la kushoto. Tusajigwe akapiga goti kidogo, akamsalimu Kinyakyusa kama baba yake. "Mugonile, tata."

Mzee hakupata nafasi ya kuitikia. Nyuma ya Tusajigwe kulisikika kishindo cha kitu kama gunia la viazi likitupwa. Alipogeuka, mwalimu hayupo. Begi lake limekaa peke yake katikati ya sakafu. Mwenyewe alikuwa nyuma ya nguzo, amejifunika kanga kichwa kizima, amejikunja kama herufi isiyo na jina.

Mzee naye alikuwa ameshageukia ukuta. Akawa anasoma tangazo la kukataza kutema mate, kwa jicho moja, kwa umakini wa mtu anayesoma wosia.

"Nikasema, hawa wamekanyaga nyoka?" anasimulia Tusajigwe. "Halafu nikasikia sauti ndogo nyuma ya nguzo: 'Dada, huyo ni baba mkwe wangu.'"

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, hapo hapahitaji maelezo. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akimwona njiani, anachepuka, hata kama pembeni ni upupu. Hawakai chumba kimoja, hawasemezani, na jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mkamwana hata akiota. Si chuki. Ni heshima, tena ile nzito inayobebwa kwa mikono miwili.

Vijana wengi wameilegeza siku hizi. Lilian hakuilegeza. "Digrii yangu ilinifundisha mambo mengi," alimwambia Tusajigwe akiwa bado nyuma ya nguzo, "lakini la kumtazama baba mkwe halikuwamo."

Noah moja. Abiria wawili. Mvua. Na kiapo kwenye kioo.

Hezron, dereva teksi wa pale stesheni ambaye hajawahi kuona moto akakosa kuuongezea kuni, alijipigapiga mapajani kwa raha. "Mama Treni! Leo mmoja anaingia kwenye buti! Piga kura!"

"Hezron, badala ya kucheka, mchukue mmoja."

"Mpaka Mpuguso? Dada, taa yangu moja imekufa na nyingine inaugua. Isyonje naipita kwa imani?"

Teksi nyingine zilikuwa zimeshaondoka. Kwenda na kurudi kumfuata wa pili kungemaanisha mmoja wao abaki pale mpaka kupambazuke na zaidi. Ndipo ukaanza ushindani ambao Tusajigwe anasema hajawahi kuuona, wa watu wanaogombea kubaki.

"Mwanangu," mzee aliuambia ukuta, "mpeleke huyo mwenye mtoto. Mimi nitakaa hapa. Nimekaa porini siku nzima, sakafu itanishinda?"

"Dada," nguzo ikajibu, "mpeleke mzee. Jicho lake lisipigwe na baridi. Mimi na Babu tuna blanketi."

"Mwambie mtoto mchanga halali stesheni."

"Mwambie na mgonjwa halali stesheni."

"Mimi katikati," anasema Tusajigwe, mikono ikiruka hewani. "Naona kabisa mmoja wao analala chini, na kesho yake nachukua wembe nakwangua yale maneno kwenye kioo. Nikasema hapana. Leo hapana!"

Alishusha macho, akakiona kitenge alichojifunga kiunoni juu ya sketi. Kitenge kipya, cha maua ya bluu, zawadi ya Krismasi kutoka kwa Hosea.

Akakifungua palepale.

Noah ina vishikio juu ya milango, vile vya kushika gari linapokata kona. Tusajigwe alifunga ncha moja kushoto na nyingine kulia, akashikiza chini kwa mikanda ya viti, mpaka nyuma ya viti vya mbele pakasimama ukuta wa maua. Kilichobaki ni kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma. Mzee akikaa mbele, jicho lake likiteleza humo, kazi yote bure.

"Mwalimu, nipe soksi ya mtoto!"

Soksi ikapita nyuma ya nguzo. Kioo kikavishwa soksi ya njano. Vile vya pembeni vilitosha kuendeshea.

Hezron alijiteua kuwa trafiki. Akasimama kwenye mvua, mkono mmoja juu. "Upande wa mwalimu, simama! Upande wa mzee, sogea! Sogea mzee, usigeuke, mbele daima! Haya, mlango ufungwe! Sasa mwalimu, pita, pita, pita!"

Mzee mbele, mwalimu nyuma, maua katikati. Wapagazi wakapiga makofi. Noah ikaondoka.

Walipopita Uyole, mzee akakohoa. "Mwambie huyo wa nyuma chini ya kiti kuna blanketi nyingine."

"Mwalimu, mzee anasema chini ya kiti kuna blanketi nyingine."

"Mwambie nimeiona, nashukuru."

"Mzee, anasema ameiona, anashukuru."

"Wote wanasikia!" Tusajigwe anacheka mpaka anashika mbavu. "Lakini hakuna anayejibu mpaka nirudie mimi. Nilikuwa kama mkalimani wa mkutano wa injili, tofauti ni kwamba mhubiri na waumini wote wanajua Kiswahili."

Isyonje ukungu ulikuwa umejaa barabarani kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Akapunguza mwendo. Kona moja mbaya ikamtingisha mtoto, akaamka, akatoa kilio cha haki zake zote.

Mzee akainua kichwa. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti hiyo. Mtoto wa kwanza wa Benson, mwanawe, alizaliwa wakati yeye yuko Dar anasubiri zamu ya kupasuliwa. Tena alikubali upasuaji, mwenyewe amesema, kwa sababu alitaka kumwona mjukuu vizuri na si kama moshi wenye masikio.

"Mwulize, huyo mjukuu anaitwa nani? Benson kwenye simu alinificha. Alisema nitajua nikifika."

Tusajigwe akarudia swali.

Wipa zikaenda, zikarudi.

"Hajasikia. Mwulize tena."

"Mwalimu, mzee anauliza mtoto anaitwa nani?"

Kikohozi kidogo. "Mwambie... mwambie sisi nyumbani tunamwita Babu."

"Babu ni mimi," mzee akasema kwa ukali kidogo. "Nauliza jina lake. La cheti. Mwalimu mzima hajui jina la mwanawe?"

Nyuma ya maua, mtoto peke yake ndiye aliyekuwa akiongea.

Hapo ndipo Tusajigwe alipokanyaga breki bila kukusudia. "Nywele zilinisimama!" anasema. "Nilielewa mara moja, kama mtu amewasha taa ndani ya gari."

Akamgeukia mzee. "Tata, analijua. Hawezi kulitaja."

"Kwa nini asi..."

Sentensi ya mzee ikakatikia hapo. Kuna jina moja tu duniani ambalo mwanamke yule hawezi kulitamka mbele yake, wala nyuma yake, wala popote. Mzee alilibeba mwenyewe tangu abatizwe.

"Mwe bandu," alinong'ona. Enyi watu.

Kisha akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni kikapanda mpaka fimbo ikaanguka, machozi yakatoka kwenye jicho zima, na Tusajigwe akashikwa na hofu.

"Mzee, taratibu! Daktari hakukukataza kucheka?"

"Alinikataza kuinama! Kucheka hakusema!"

Kiwira, Tusajigwe aliegesha chini ya taa ya duka lililofungwa. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akampokea mtoto, akafunga. Akazunguka tena, akafungua wa mbele. Kila mtu alikaa upande wake, mila haikuguswa hata kwa ukucha.

Mzee alimpokea yule mtoto wa wiki tano kwa mikono miwili, akamwinua kwenye mwanga. Akamkagua paji, pua, masikio.

"Jicho hili moja linatosha," alisema. "La pili litamwona wakifungua bandeji." Halafu akamwinua mtoto mpaka sikio likafika mdomoni pake, akalisema kwa sauti lile jina ambalo mama yake hajawahi kulisema. "Asajile. Asajile, ugonile?"

Nyuma ya pazia mwalimu wa hesabu alikuwa akilia au akicheka. Tusajigwe hajui mpaka leo. Kioo chake kilikuwa kimevaa soksi.

Walifika Mpuguso wakati wanawake wanatoka na ndoo. Mzee alishuka kwanza, mtoto kifuani, akatembea mpaka ndani bila kugeuka. Bibi akaja kumpokea mkamwana wake kwa vigelegele vilivyowatoa majirani vitandani. Na majirani hao, kwa kawaida ya majirani, waliona Noah yenye pazia la maua na kioo chenye soksi, wakataka kujua.

Kufikia mchana, hadithi ilikuwa imefika Tukuyu kabla ya Tusajigwe.

Tangu hapo simu hazikauki. Zipo familia zilizokuwa zikipanga safari za wakwe kwa siku tofauti kama mechi za ligi. Sasa zinampigia kuuliza kama "lile gari la pazia" lina nafasi. Fundi cherehani mjini Tukuyu anamshonea pazia la kudumu, lenye pete na waya, linalovutwa na kurudishwa. Kitenge cha bluu hakijarudi kabatini.

"Nilimnunulia Krismasi apendeze," anasema Hosea, akitikisa kichwa. "Sasa kinaishi na wakwe za watu."

Pazia ni mwanzo tu. Tusajigwe na Veronika wameanza kuweka akiba pamoja. Wanataka kupanga chumba karibu na stesheni, chenye magodoro, jiko la chai na mlango unaofungika, ili treni ikifika na gari halijafika, mtu yeyote apate pa kuweka ubavu, awe wa Rungwe au wa kwingine. Kwa kasi ya akiba yao, anasema, inaweza kuwa mwakani.

"Na tutaweka milango miwili," anaongeza. "Wewe unacheka? Mimi nimejifunza."

Ndizi zimeiva. Hosea anamfungia zake kwenye chombo cha plastiki. Chupa ya chai imejaa, blanketi ziko garini, soksi ya njano imelazwa kwenye dashibodi tayari kwa dharura yoyote ya ukoo. Anapowasha injini, simu inaruka tena.

Si Veronika. Ni Mzee Asajile. Sauti yake inasikika mpaka nje ya gari, kwa kuwa mzee huyo anaamini simu ya mbali lazima ipigiwe kelele.

Likizo ya mwalimu inakwisha, anaeleza. Wiki ijayo kuna mtu anarudi Mlimba kwa treni, na mtu huyo ana mtoto.

"Kiti cha mbele ni changu," anasema mzee. "Nasindikiza. Nyuma utapakia watu wako, mimi sitaki kujua ni akina nani."

"Sawa, tata. Pazia jipya litakuwa tayari."

"Liwe jepesi, nisikie kelele za jina langu."

"Sawa, tata."

Kisha sauti inashuka, kwa mara ya kwanza, kama ya mtu anayeomba kitu dukani bila hela.

"Halafu, mwanangu. Wewe unajuana na watu wa huko kwenye reli. Siku hiyo waambie wasiharakishe."